Baada ya tetemeko la 1693: kwa nini Noto ilihamishwa na Catania ikabaki?

MpendaMiji:
Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninasoma kuhusu miji minane ya kusini-mashariki mwa Sisilia ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2002. Yote ilijengwa upya, kabisa au kwa sehemu kubwa, kwa mtindo wa Baroki, yaani usanifu wa mapambo mengi na kuta zilizopinda, baada ya tetemeko la ardhi la Januari 11, 1693, lililoua watu wapatao 60,000. Kinachonitatiza ni kwamba maafa yalikuwa yaleyale, lakini Catania ilijengwa palepale, Noto ikahamishiwa mahali pengine, na Ragusa ikagawanyika. Nani aliamua, na kwa misingi gani?

MsomaRamani:
Ndugu MpendaMiji, anza na mamlaka. Sisilia ilikuwa chini ya Hispania, na mwakilishi wa mfalme, Duki wa Uzeda, alimkabidhi usimamizi Giuseppe Lanza, Duki wa Camastra, aliyesaidiwa na mhandisi wa kijeshi Carlos de Grunenbergh. Noto ya kale ilikuwa juu ya mlima Alveria, mahali palipofaa kwa ulinzi lakini pa taabu kwa mtu mwenye mzigo. Camastra akaona heri mji ushushwe kwenye mteremko ulio karibu zaidi na bahari, upangwe kwa barabara zilizonyooka. Wakazi wengi hawakuridhika, na walipopigishwa kura miaka michache baadaye walitaka kurudi mlimani, lakini ujenzi ulikuwa umeshakwenda mbali. Tunapousifu mpangilio wa Noto, tuwakumbuke na hao. Catania ilikuwa na bandari, na bandari haihamishiki. Kwa hiyo barabara na viwanja vilipanuliwa ili watu wapate pa kukimbilia ardhi ikitikisika tena. Barabara kuu ya Catania, Via Etnea, ambayo awali iliitwa Via Uzeda, bado imenyooka kuelekea mlima Etna.

Mchoraji:
Ninaongezea kuhusu Ragusa, ambako mvutano ulikuwa wa parokia. Waumini wa San Giovanni walihamia uwanda wa juu wakajenga mji wa barabara zinazokatana kwa pembe mraba, huku wakuu wa San Giorgio wakibaki Ibla, yaani mji wa zamani ulio chini, kwenye vichochoro vyao vya kale. Humo ndimo Rosario Gagliardi alimobuni kanisa la San Giorgio, ambalo uso wake umebinuka mbele kama kifua na kupanda kwa safu tatu hadi kwenye kengele. Limekaa mshazari juu ya ngazi zake, halikulingana na uwanja ulio chini, na kwa maoni yangu ukaidi huo ndio uzuri wake. Usiiache pia Grammichele, ingawa haimo katika orodha: Carlo Maria Carafa aliijenga kuzunguka uwanja wenye pande sita.

FundiMwashi:
Wenzangu wameeleza sura. Mimi nawaomba tuingie ndani ya kuta. Jioni ya Machi 13, 1996, sehemu kubwa ya kuba na paa la kanisa kuu la Noto ilianguka, na ni bahati kwamba hakuna aliyekufa. Nguzo zilikuwa na mawe yaliyochongwa vizuri kwa nje, lakini ndani zilijazwa vifusi na kokoto za mtoni kwa chokaa dhaifu. Tetemeko la Desemba 1990 lilikuwa limeshazitia nyufa, na juu yake kulikuwa na paa la zege la miaka ya 1950, zito kuliko la mbao lililotangulia. Waliokarabati wangeweza kumwaga zege na kumaliza upesi. Badala yake nguzo zilijengwa upya kwa mawe yanayoshikana hadi katikati, na kanisa likafunguliwa mwaka 2007. Ninaamini huo ndio uhifadhi wa kweli, kwa sababu fundi wa leo alirekebisha kosa la fundi wa kale bila kuacha jiwe na chokaa. Ndugu MpendaMiji, ukilinganisha miji hiyo, uliza pia ni makanisa mangapi mengine yamebeba zege juu ya nguzo za namna hiyo.