Dadu darasani: tunafundisha hesabu au kamari?

Mwalimu, Chake Chake: Assalamu alaykum. Juzi mzazi kaja skuli na daftari la mwanawe lililochorwa dadu mbili, akaniuliza tangu lini hesabu ikawa kamari. Swali nililowapa watoto ni hili: dadu mbili zimerushwa, umeambiwa angalau moja imetoa sita, upi uwezekano kwamba zote mbili ni sita? Darasa zima likajibu moja kwa sita. Tukaorodhesha ubaoni: matokeo yote ni 36, yenye sita ni 11, na katika hayo 11 sita-sita ni moja tu. Kwa hiyo ni 1/11. Lakini ukiambiwa kwamba dadu nyekundu ndiyo iliyotoa sita, inakuwa 1/6. Khabari uliyopewa ndiyo inayogeuza hesabu, na hilo ndilo ninalolifundisha. Naomba maoni, khasa ya wasiokubali.

Mzazi, Wete: Waalaykum salaam, mwalimu. Hesabu sina ugomvi nayo. Lakini Surat al-Maida, aya ya 90, imekataza kamari, na katika Sahih Muslim imo hadithi inayokemea mchezo wa nardi, nao huchezwa kwa dadu. Mtoto wa miaka 14 hatenganishi chombo na kinachofanywa nacho. Kwani hakuna mfano mwengine? Tia kunde nyeupe na nyekundu mkobani, wachote.

Mcheza dhumna, Mji Mkongwe: Mfano upo barazani kila alasiri, bila ya dau hata senti. Kete 28, watu wanne, kila mtu saba. Sita-sita sinayo, basi kila mmoja wa wale watatu ana 1/3 ya kuwa nayo. Nafungua kwa sita-nne. Anayenifuata anazipitia kete zake mara mbili, anatikisa kichwa: hana sita wala nne. Hapo hapo wawili waliobaki wanakuwa na 1/2 kila mmoja. Wazee wetu wanaijua hesabu hii na hawajawahi kuiandika.

Mzazi, Wete: Dhumna ya bure siikatai. Ninachokiogopa ni simu.

Mwalimu, Chake Chake: Na mimi naogopa hiyo hiyo, mzee wangu. Kijana niliyemfundisha alinionesha kwenye simu mkeka wake wa kubashiri mechi tano, nne zimeshaingia. "Mwalimu, ya tano lazima." Tuseme kila mechi ni nusu kwa nusu. Kabla ya kuanza, zote tano kuingia ni 1/32. Nne zikishaingia, ya tano imebaki 1/2 ile ile, wala zile nne haziisukumi. Alikuwa hajaambiwa na mtu, na fedha za nauli ya boti zilikuwa zimeshakwenda. Niliumia.

Kunde nazikubali. Jumatatu nitakuja nazo mkobani, pamoja na seti ya dhumna. Dadu naziweka kabatini mpaka tukae na wazazi wote. Na wewe karibu, ukae kiti cha nyuma, usikilize somo zima.