Namna ya kuchanganua mpito wa shughuli wakati wa kuandika programu

Swali: Ndugu wanajukwaa, nimerekodi skrini za wanafunzi 8 wakirekebisha hitilafu katika programu ya Java, nikaigawa kazi yao katika kusoma kodi (maandishi ya programu), kuhariri, kuendesha na kutafuta msaada mtandaoni. Jumla ya dakika hainionyeshi walivyohama kutoka shughuli moja hadi nyingine. Nifanyeje?

Jibu la 1: Tengeneza jedwali la mpito, ambamo safu mlalo ni shughuli inayoachwa na safu wima ni inayofuata, na kila kisanduku ni idadi ya mara walizohama hivyo, kisha gawanya kila hesabu kwa jumla ya mlalo wake ili upate uwezekano, kama katika mnyororo wa Markov (modeli ya uwezekano wa kutoka hali moja hadi nyingine). Kumbuka kwamba mnyororo huo wa kawaida hutazama hatua moja tu ya nyuma, hivyo mizunguko mirefu hufichika.

Jibu la 2: Kuhama kwenyewe kuna gharama ya muda. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wa mwaka 2006, uliowaangalia waandishi wa programu 10 wakitumia Eclipse (programu ya kuandikia kodi), ulikuta takriban asilimia 35 ya muda wao ikiishia katika kuvinjari kodi, yaani kuhama ndani ya faili na kati ya faili. Usiuhesabu muda huo kuwa ni kusoma.

Muulizaji: Nashukuru sana. Na kimya kirefu, pale skrini isipobadilika?

Jibu la 1: Kipe alama yake kama shughuli ya pekee, kisha mwulize mwanafunzi mkiitazama rekodi pamoja.