Sebule ndefu yenye dirisha moja: bluu iliyokoza au krimu?

Mwenye Sebule
Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu. Sebule yetu ni ndefu na nyembamba, ina dirisha moja kwenye ukuta mfupi, na hutumika zaidi usiku. Mimi napendelea bluu iliyokoza kuta zote, ilhali mwenzangu anataka krimu.

Fundi Rola
Ndugu, krimu huakisi sehemu kubwa ya mwanga unaoifikia, lakini bluu iliyokoza humeza karibu wote, kwa hiyo taa zinazotosha sasa huenda zisitoshe tena. Halafu kuna ukuta wenyewe. Bluu isiyong'aa huficha mawimbi ya plasta, ila mgongo wa kiti ukiugusa ukuta, alama nyeupe hubaki hapo. Ukichagua inayong'aa ili ifutike kwa urahisi, mawimbi yote hujitokeza mara taa ya pembeni inapowashwa. Isitoshe, rangi nzito mara nyingi hudai praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi, na mkono wa tatu wa kupaka.

Bi Pazia
Kuhusu alama nakubaliana na Fundi, lakini krimu nayo ina lake. Mwanga ukiwa hafifu, mchana huonekana kama kijivu kilichofifia, na usiku, chini ya balbu za 2700K, yaani zenye mwanga wa manjano, huzidi umanjano kwa sababu kuta zinazotazamana huakisiana. Mimi ningepaka bluu ukuta mfupi unaolielekea dirisha pekee, kwa kuwa rangi nzito huonekana kusogea karibu, na chumba kirefu kikaonekana kimefupika.

Mgeni Mpya
Namuunga mkono Bi Pazia. Dari iachwe nyeupe.

Fundi Rola
Kwa ukuta mmoja sina pingamizi. Hata hivyo, msiamue kwa kutazama kadi ya rangi, wala rangi ikiwa bado mbichi ndani ya ndoo, kwani rangi ya maji kwa kawaida hukoza ikikauka. Pakeni vibao viwili vikubwa, kila kimoja mikono miwili, mviegemeze kwenye ukuta huohuo, kisha mvitazame asubuhi, alasiri na taa zikiwa zimewashwa.

Mwenye Sebule
Ahsanteni sana. Mwenzangu ameafiki ukuta mmoja wa bluu, kwa sharti kwamba iwe ya kufutika. Nimeumulika ukuta huo kwa tochi kutoka pembeni na mawimbi yapo kweli, kwa hiyo utapigwa skimu, yaani tabaka jembamba la kuusawazisha, na msasa kwanza.