Ushauri: nasafiri na gitaa kavu kutoka Pemba hadi Berlin mwezi wa Januari

Kijana wa Wete
Assalamu alaykum wadau. Januari inshaAllah naenda Berlin kupiga na kikundi cha taarab. Njia yangu ni Chake hadi Unguja kwa ndege ndogo, kisha Doha, halafu Berlin. Gitaa ni la marehemu ami yangu, kavu, nyuzi za chuma, na kichwa kiliwahi kuvunjika kikaungwa kwa gundi. Rafiki yangu anasema nilipakie na mizigo mingine. Mama anasema nisilitoe mkononi. Nishike la nani? Na nyuzi nizilegeze?

Bint Malindi
Waalaykum salaam kaka. Shika la mama. Ila ujue kipimo cha begi la mkononi kwa mashirika mengi ni kama sentimita 55 kwa 40 kwa 20, na gitaa linakaribia mita moja. Kwa hiyo unaingia nalo kwa ruhusa yao. Waandikie mapema, wakijibu chapisha jibu uende nalo kaunta. Wengine huuza kiti cha pili kwa ajili ya ala. Ni ghali, lakini uliza bei. Usidanganywe na wanaosema sheria inakulinda: ile ya Marekani ya kuruhusu ala ndani inayabana mashirika ya kwao.

Mzee wa Mkoani
Mwanangu, hiyo ndege ya Chake iache. Nyingi huruhusu kilo 15 tu na hutaka begi laini, na wewe gitaa la kuungwa lazima liwe kwenye boksi gumu. Panda boti siku moja kabla, ulale Unguja.

Fundi Nyuzi
Legeza toni moja au mbili, usizitoe zote. Kuna watu wanasema presha ya kule chini ya ndege wanakoweka mizigo itapasua gitaa. Si kweli, presha ya kule ni sawa na ya abiria. Kinachovunja kichwa ni kuanguka. Nyuzi sita za chuma zinavuta kama kilo 70 kwa jumla, sasa boksi likidondoka chali kiwiliwili kinasimama, kichwa kinataka kuendelea. Jaza kanga chini ya shingo na pembeni mwa kichwa mpaka ukitikisa boksi usisikie kitu.

Lakini miye naogopa zaidi Berlin yenyewe. Mbao za gitaa hilo zimezoea unyevu wa kwetu. Kule Januari wanawasha joto ndani, hewa inakauka, unyevu unaweza kushuka chini ya asilimia 30, na gitaa linataka 45 hadi 55. Ubao wa mbele husinyaa ukapasuka wenyewe, hata hujaligusa. Ukifika usifungue boksi kwa saa kadhaa. Halafu chukua kisanduku cha sabuni, kitoboe matundu, tia sponji iliyokamuliwa vizuri, kiweke ndani ya boksi kila usiku. Na usiliegemeze karibu na chuma cha joto ukutani.

Kijana wa Wete
Ahsanteni sana, boti basi. Ubao wa vidole ni mpingo, forodhani hawatanisumbua?

Bint Malindi
Mpingo umo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ila tangu 2019 ala iliyokwisha kutengenezwa haihitaji kibali. Kwa kuwa ni la zamani, mwoneshe fundi kile kipande cheupe nyuzi zinapopita kichwani. Kikiwa pembe ya ndovu, kibadilishwe kabla hujaondoka.