Kichwa cha vali kinaandika F2 na rejeta haipoi

Mpangaji_Dortmund
Wadau, naomba msaada. Rejeta zangu za kupasha nyumba kwa maji ya moto, sebuleni na chumbani, zina vichwa vya vali vya betri, vinavyofungua na kufunga maji na kupokea amri kwa redio kutoka thamostati ya ukutani. Cha chumbani kinatii. Cha sebuleni, hata nikishusha hadi nyuzi 17, rejeta inabaki ya moto usiku kucha na kioo kinaandika F2. Vali zote ni za kampuni ya Danfoss, za zamani, ila ya sebuleni ni nene zaidi. Adapta (kiunganishi cha kichwa na vali) imekaa imara. Ni redio inayosumbua?

fundi_bomba
Redio haihusiki. F2 ni kipimo cha kichwa chenyewe: mota imesukuma mpaka mwisho wa safari yake bila kukutana na pini. Ndani ya vali kuna springi inayoisukuma pini nje, na pini ikiwa nje maji yanapita. Kazi ya kichwa ni kuibana iingie. Kisipoifikia, vali inabaki wazi hata thamostati itume amri mara ngapi.

Hiyo nene yaelekea ni aina ya RAV, nyembamba ni aina ya RA. Adapta ya RAV huja na kisilinda kidogo cha kuvalishwa juu ya pini ili kuirefusha. Watu wengi hukiacha kwenye boksi, kitafute.

Fungua kichwa, toa adapta, vika kisilinda, rudisha adapta. Kisha toa betri na uzirudishe: mota itarudi nyuma yenyewe na kioo kitaandika INS. Hapo ndipo ufunge kichwa, kwa mkono tu, bila spana. Bonyeza kitufe, AdA ikitokea, kinapima safari ya pini upya. Usikibonyeze kabla hujakifunga, kitapima hewa na F2 itarudi.

Zuhura_M
Naongeza: kabla ya kuvika kisilinda, bonyeza pini kwa kipande cha mbao. Iingie milimita chache na irudi yenyewe. Ikigoma, gonga taratibu pembeni ya vali kwa mpini wa bisibisi. Tafadhali usiivute kwa koleo, unaweza kuharibu mpira wa kuzuia maji na ukajikuta na maji ya moto sakafuni. Pini iliyokwama huleta F1 (mota inasukuma kwa shida) au F3 (safari fupi mno).

Betri ziwe alkalini za volti 1.5. Za kuchaji zina 1.2, na kichwa huona kama zimekwisha mapema.

Mpangaji_Dortmund
Kisilinda kimepatikana, AdA imepita, F2 imeondoka. Lakini dakika 20 sasa na rejeta bado ina joto.

fundi_bomba
Hayo ni maji yaliyobaki ndani, yape saa moja. Shika bomba la kuingilia, karibu na vali: likiwa linapoa, vali imefunga. Ukipandisha nyuzi, usitegemee jibu papo hapo. Kichwa hulala kuokoa betri na huamka kila baada ya dakika chache kusikiliza.