Mrejesho: wanafunzi wangu wa Gredi ya 5 na swali la "unafikiri"

Walimu wenzangu, mwezi uliopita niliomba ushauri: wanafunzi wangu hapa Kisumu wanasoma ufahamu kwa sauti bila kukwama, lakini swali lenye "unafikiri" linawanyamazisha. Mkanielekeza kwenye ufundishaji wa kupokezana, ule wa watafiti Palincsar na Brown wa 1984, ambapo wanafunzi katika makundi madogo hupokezana kuongoza mazungumzo kuhusu kifungu kwa hatua nne: kutabiri, kuuliza, kufafanua, kufupisha. Asanteni sana.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Waliuliza maswali ambayo jibu lake liko kwenye mstari uleule. Nikagundua sikuwahi kuwaonyesha mtu mzima akifikiri. Basi nikawa nasoma na kusimama katikati: "Hapa sijaelewa, ngoja nirudi nyuma." Walishangaa kusikia mwalimu akikiri hivyo!

Alhamisi tulisoma kifungu kuhusu magugumaji ziwani. Msichana mmoja, ambaye muhula mzima hakuwa ameinua mkono, akauliza: "Kama magugu yanawazuia wavuvi, mbona kifungu kinasema samaki wadogo hujificha humo? Ni adui au si adui?" Darasa likagawanyika. Watoto wa wavuvi wakaleta ya nyumbani. Nikawaambia waonyeshe pia sentensi inayowaunga mkono. Kengele ililia tukiwa bado.

Kufupisha bado kunawashinda, wananakili tu. Tena wako 56, kuzunguka makundi 14 si mchezo.

Aliyenishauri daftari la "nilidhani... sasa naona...", nimelianza Jumatatu: dakika 5 mwisho wa kipindi wanaandika mawazo yao yalivyobadilika, kwa Kiswahili au Dholuo, na tahajia sisahihishi.