Mbuzi kamaliza mchicha (gumzo la majirani, Makorora, Tanga)

Jumamosi

Mama Rukia, 06:52: Assalaam alaykum majirani. Nimeamka bustani yangu haina kitu. Mchicha wa siku 12, ndio kwanza una majani manne, umetafunwa mpaka kwenye udongo. Bamia zimebaki vijiti.

Mama Rukia, 06:53: [Picha]

Mama Rukia, 06:55: Hizo alama katikati ya tuta ni kwato za mbuzi. Yale mashimo ya duara pembeni ni kuku, wamejichimbia wakaoga vumbi juu ya mbegu za nyanya chungu.

Mwantumu, 06:58: Waalaykum salaam. Pole sana dada. Nilikuwa nakuona unavyobeba maji ndoo kwa ndoo.

Bi Zaina, 07:10: Waalaykum salaam mwanangu. Mbuzi ni wangu. Kamba ilikatika usiku. Alfajiri nimemkuta kwako, nikamtoa, nikaona haya kukugongea mlango. Nisamehe. Mbegu nitanunua mimi.

Mama Rukia, 07:14: Shikamoo Bi Zaina. Nimeshasamehe mama, na mbegu usihangaike, ninazo. Kilichoniuma ni jasho. Kila jioni natoa shilingi mia tano kununua mchicha, mia tano bamia, nikasema safari hii masika isinipite bila kupanda.

Bi Zaina, 07:15: Marahaba. Allah akuzidishie.

Babu Hemedi, 07:31: Mama Rukia, pole mjukuu wangu. Ardhi imekauka kote, halafu kwako kuna kijani kibichi kilichomwagiliwa jana. Mbuzi gani atapita? Ungeanza na ua, mbegu zikafuata. Mvua bado hazijashika, hujachelewa. Kata vijiti vya mbono kaburi, urefu wa mkono mzima, uvichomeke karibu karibu kuzunguka kiwanja. Mvua ikinyesha vinashika vyenyewe. Mbuzi haugusi mbono, una sumu. Ila wakanyeni watoto wasile mbegu zake.

Mwantumu, 07:35: Babu shikamoo. Mnyaa je? Kwa mama kule tumezungushia mnyaa na hakuna mnyama anayepita.

Babu Hemedi, 07:38: Marahaba. Mnyaa ni ua mzuri shambani. Hapa kuna watoto wanacheza mpira. Utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, mtu anaweza kupofuka. Hapana.

Bakari, 07:44: Shikamooni wazee. Mbono utachukua miezi mpaka uzibe. Kwa sasa mimi ninazo nyavu chakavu, tunazitupa huku Deep Sea, kwenye soko la samaki, kila siku. Nitaleta za kutosha. Fito tutumie miti ya mkonge, ni myepesi na kwa Tanga hii haikosekani.

Babu Hemedi, 07:49: Vizuri baba. Ncha zinazoingia ardhini zichomeni kwenye moto mpaka ziwe nyeusi, huenda mchwa wakachelewa kidogo. Mtu asije akapaka oili chafu kwenye bustani ya mboga.

Bi Zaina, 07:52: Nyavu naziogopa Bakari. Pembe zikinasa, mbuzi atajinyonga.

Bakari, 07:55: Kweli mama. Tutaukaza wavu sana, usilegee hata kidogo, fito ziwe hatua mbili mbili. Wavu unaoning'inia ndio unaonasa. Na Mama Rukia aupitie asubuhi na jioni, maana hata kenge na mijusi hunasa humo.

Mama Rukia, 08:01: Nitaupitia, inshallah. Na kuku? Hao ni wa mtaa mzima, siwezi kumlaumu mtu.

Bi Zaina, 08:06: Kuku anayeruka mpunguze manyoya marefu ya bawa moja tu. Likiwa moja anapoteza mizani, hapai. Mawili ukikata sawasawa bado anajitahidi. Hayamuumi, ni kama kukata kucha, lakini usikate manyoya machanga yenye damu ndani. Yakiota mapya unarudia. Wangu nawakata leo.

Mwantumu, 08:12: Mimi nami nataka kuanza, ila kwangu ni mchanga mtupu, maji yanapita kama kwenye chujio.

Mama Rukia, 08:20: Kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Usiinue tuta. Kwenye kichanga tuta lililoinuliwa linakauka kabla ya adhuhuri. Chimba lizame kidogo, kama sinia, maji yakae kwenye mizizi. Changanya samadi ya mbuzi iliyokwisha oza, ukiishika mkononi haina joto wala harufu kali. Ya kuku ikiwa mbichi inaunguza miche. Ukishasia mchicha funika na kuti, ukiona umechomoza toa kuti jioni, jua lisiupige ghafla. Na upande ule paka wanapojisaidia, laza matawi ya mkunazi. Miba tu, hawarudi.

Bi Zaina, 08:22: Samadi njooni mchukue kwangu. Ipo ya tangu mwaka jana, nyuma ya banda.

Shekue, 09:40: Nyie mna mbuzi, sisi huku Kiomoni tuna tumbili. Wavu wanaupanda kama ngazi. Mahindi na maboga nimeacha kabisa karibu na nyumba. Pilipili hawaigusi, ndiyo tunayopata. Kingine ni mbwa, na mtu wa kukaa pale saa za asubuhi.

Bakari, 09:43: Kesho saa 1 asubuhi, baada ya chai, tunafunga wavu kwa Mama Rukia. Nani anakuja?

Mwantumu, 09:44: Mimi na wanangu wawili.

Bi Zaina, 09:44: Naleta bada (ugali wa muhogo) na samaki mchana.

Wiki 1 baadaye

Mama Rukia, 06:40: Kuku mmoja kaingia. Hakuruka, kapita chini, pale kona ya bomba. Kala miche kama 20.

Bakari, 06:51: Kosa letu. Hatukuuzika ukingo wa wavu. Nakuja jioni, tunachimba mtaro wa kiganja kimoja, tunaulaza wavu ndani, tunafukia na kupanga mawe.

Wiki 4 baadaye

Mama Rukia, 20:15: Masika imeleta konokono, hawa wakubwa. Majivu nimezungushia, mvua imeyaosha usiku ule ule.

Babu Hemedi, 20:22: Majivu ni ya wakati wa ukavu. Sasa toka na tochi saa 3 usiku, waokote kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Usimwage maji hayo bustanini. Vaa mfuko mkononi, kisha nawa kwa sabuni, wanabeba minyoo. Na majani uyaoshe moja moja kabla ya kupika.

Mama Rukia, 21:48: Nimeokota 31. Miguu yote tope.

Jumapili

Mama Rukia, 16:30: [Picha]

Mama Rukia, 16:31: Mchicha wa kwanza. Nimekata juu ya majani mawili ya chini ili uchipue tena. Nimefunga mafungu 7. Bi Zaina, la kwanza ni lako, mwambie Saidi alifuate kabla ya magharibi. Nazi nimeshakuna.

Bi Zaina, 16:40: Anakuja. Nimempa mayai manne akuletee. Na mbuzi nimemnunulia mnyororo.